Radi Iliishia Nje

Jiwe la kwanza lilipiga boneti. La pili liliingia dirishani, likapita mbele ya pua ya Konstebo Thuku, likatokea upande wa pili. Thuku, mtu wa bara asiye na hata mwezi pwani, akatoa neno la kwao, na kwa jinsi lilivyotoka hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

"Usitoe bunduki," Inspekta Jedida Mangi akamwambia. "Ukiitoa tu, tumekwisha."

"Madam, hii watu wako na petroli."

"Nina macho, Thuku."

Akashuka. Boma la marehemu Farjallah lilikuwa juu ya kilima cha mchanga mwekundu, huko Magarini ndani ndani, na lilikuwa limejaa watu kama siku ya mnada wa mbuzi. Tofauti ni kwamba mnadani watu hucheka. Hapa palikuwa na mapanga, palikuwa na matairi mawili ya pikipiki, na palikuwa na jerikeni la manjano ambalo kila mtu alilizunguka akijifanya halioni. Nyuma yao umesimama mlingoti wa antena, mrefu kuliko mnazi wowote wa pale, umeshikwa kwa kamba za waya pande tatu.

Wote walikuwa wameelekea kijumba kimoja cha matofali ubavuni mwa nyumba, stoo ambayo Farjallah alikuwa akiwekea betri zake za sola. Mlango wa chuma, kufuli kubwa. Ndani amefungiwa mzee Thoya, jirani wa Farjallah, tangu jana magharibi. Mzee wa kijiji ndiye aliyemfungia, akatia ufunguo mfukoni, akasema anakwenda kutafuta mtandao apige simu Malindi. Simu ilipigwa. Mzee wa kijiji hajarudi, na ufunguo wake.

"Mtsai! Mtoeni mtsai!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na wengine wakaitikia kwa Kiswahili ili hata askari wa bara asikose: "Mchawi! Mchawi!"

Kijana mmoja akajitenga mbele. Koti la bodaboda, mabega mapana, na ile sauti ya mtu ambaye akisema wenzake hunyamaza.

"Karibu afande. Mimi Kiponda. Huyo aliyefungiwa ni babangu mdogo, yeye na babangu mzazi tumbo moja. Kwa hivyo usije ukadhani tunamwonea. Mimi mwenyewe wa damu yake nimesema atoke."

"Amefanya nini?"

"Amemtumia mzee Farjallah radi! Jana jioni mvua inanyesha, kijiji kizima kimeona. Mwanga umeshuka kwenye mlingoti, halafu mlipuko, pwaa! Mvua kukatika tukaja, tukamkuta mzee amekauka kitini. Na huyu siku zote hizi anapita akisema mlingoti utashushwa na Mungu. Mungu gani huyo anayepangiwa kazi na yeye?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Nitaangalia kwanza," Jedida akasema.

"Angalia. Lakini ukimaliza wewe kuangalia, tunaanza sisi."

Gari la pili lilikuwa limeahidiwa kutoka Malindi tangu alfajiri, na mpaka sasa lilikuwa ahadi tu. Jedida akamwacha Thuku kwenye mlango wa stoo, mgongo kwenye chuma, akaingia nyumbani.

Humo ndani hakupokewa vizuri zaidi. Ayman, mpwa wa marehemu, alikuwa ametoka Malindi mjini asubuhi ile ile, na alikuwa akitembea huku na huku sebuleni kama kuku aliyekosa pa kutaga.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, na baada ya salamu utoke. Maiti hajaoshwa, hajasaliwa, amekaa kitini tangu jana! Hawa wa hapa hawataki kumgusa, eti aliyepigwa radi haguswi mpaka afanyiwe mambo. Sasa na wewe umekuja na mambo yako. Mjomba wangu anazikwa kabla ya adhuhuri."

"Ataonwa na daktari kwanza."

"Apasuliwe? Basi nipasue mimi kwanza!"

"Nionyeshe chumba, Bwana Ayman. Kila dakika tunayogombana hapa, wale wa nje wanasogea hatua."

Ayman akachungulia dirishani, akaona ni kweli wanasogea, akafungua mlango wa chumba.

Farjallah alikuwa mtu wa redio maisha yake yote. Ujanani alifanya kazi hiyo melini, na alipostaafu akaja kujenga juu ya kilima hiki, akasimamisha mlingoti, akakata leseni, na kila jioni akawa anaongea na watu wa Brazili na Japani kama wewe unavyoongea na jirani juu ya ua. Meza yake ilijaa mitambo. Kulikuwa na redio kubwa katikati, inveta, na kile chuma chembamba cha umeme cha kuyeyushia risasi kikiwa juu ya kishikio chake. Ukuta wa pili, kabati la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Na kitini, chini ya kikoi cha buluu, mwenyewe.

Jedida akavaa glavu, akakiinua kikoi.

Mzee ameinamia meza, hedifoni masikioni, kofia ya viua kichwani. Waya mnene wa antena umeingia kupitia bomba la ukutani na umefungwa nyuma ya redio, kichwa chake cha chuma kimekazwa barabara. Uso wa redio umeungua upande mmoja. Kiganja cha kulia kina alama ya moto, na sikio la kushoto vile vile.

Akaiondoa hedifoni taratibu. Sikio chini yake limeungua vibaya. Akaibonyeza sponji ya hedifoni. Nzima, laini, haina hata doa.

"Njoo uone," akamwambia Ayman. "Radi gani hii inachoma sikio na inaruka sponji?"

Jedida akamvua mzee kofia. Nyuma ya kichwa pamebonyea, na damu imeganda kwenye mvi. Akaigeuza kofia ndani nje. Safi, kama imetoka kupigwa pasi.

"La ilaha ila Llah," Ayman akasema, na ile jeuri yote ikamshuka ghafla. Kisha ikapanda tena. "Nani? Nitajie!"

"Tulia, sijui bado. Nijibu. Mvua ikija, mjombako alikuwa akiufanyaje waya huu?"

"Anautoa. Wingu likionekana tu upande wa Ganze, hata halijafika, anaufungua nyuma ya redio, anausukuma nje kwa hilo bomba, anaufunga kwenye kibati cha shaba ukutani. Anachomoa na stima. Redio inabaki haina waya hata mmoja. Alikuwa akisema radi huwezi kuikataza kuja, lakini unaweza kuionyesha njia ya ardhini isiingie kwako."

"Angeweza kukaa hapa na hedifoni, mvua inanyesha?"

"Afadhali ungemwambia ale nguruwe."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma. Kibati chenyewe kilikuwa chini ya bomba, kipana kama sinia, na juu yake safu ya vichwa vya kufungia waya. Kutoka hapo utepe mpana wa shaba ulipaswa kushuka mpaka ardhini. Ulishuka nusu, kisha ukaisha. Umekatwa. Na mkato wenyewe mpya, unang'aa.

Jedida akaugusa kwa kidole.

"Bwana Ayman, una msumeno wa chuma?"

"Ninao, garini. Kwa nini?"

"Nyumba hii ni ya nani sasa?"

Ayman akamkazia macho. "Unaniuliza kama nimemuua mjomba wangu?"

"Nimekuuliza nyumba ni ya nani."

"Ni yangu! Haya, niandike. Na utepe nimekata mimi, niandike na hilo. Jumamosi iliyopita, kwa amri yake, amesimama hapo hapo ulipo wewe ananitukana kwa Kiarabu na Kiswahili. Fundi wa kwanza alipokuwa akiuteremsha aliukunja kona, kona kali kama ya ubao. Mzee akasema radi haipindi kona, ikifika hapo itaruka iingie ukutani. Nikakata, tukaweka mwingine upande ule, mwendo wa mzunguko, hauna kona. Nenda ukaangalie kabla hujanitia pingu."

Jedida akaenda akaangalia. Kweli, upande wa pili wa kibati utepe mpya ulishuka kwa mviringo kama mkono wa birika, ukaingia ardhini kwenye nondo tatu za shaba zilizokitwa pale maji ya kuogea yanapomwagika, kwa sababu mchanga mkavu wa Magarini haupokei umeme. Na kwenye nondo ya kwanza ardhi ilikuwa imepasuka. Akachimbua kwa kijiti. Mchanga umeyeyuka ukashikana vigae vigae, kama chupa iliyopita motoni.

"Iliteremka hapa," Ayman akasema polepole. "Yote. Njia ya mzee imefanya kazi."

Jedida akarudi kwenye kibati, na safari hii akavitazama vichwa kimoja kimoja. Cha tatu kilikuwa na duara jeusi kuzunguka mdomo wake. Akapitisha kidole, masizi yakatoka.

Wakarudi ndani mbio. Jedida akakifungua kichwa cha waya kutoka nyuma ya redio, akakigeuza kwenye mwanga. Ukingo wake umeungua mviringo, sawasawa na lile duara la nje. Tundu la redio lililokuwa limefungwa nacho linang'aa kama jipya. Akakitikisa kichwa cha waya juu ya kiganja, na matone mawili ya maji yakadondoka.

"Radi ilipopiga," akasema, "waya huu ulikuwa nje, mahali pake. Radi iliishia nje. Baadaye kuna mtu ameuvuta ndani, umelowa mvua, akaufunga kwenye redio ili sisi tuone tunachokiona."

"Na kuungua je?"

Jedida akakiinua kile chuma cha kuyeyushia risasi. Ncha yake bapa. Akaisogeza karibu na alama ya kiganjani bila kugusa. Upana mmoja.

Ayman akakichukua kile kikoi, akamfunika mjomba wake tena.

Kelele za nje zilikuwa zimepanda. Alipozunguka stoo, Jedida alimkuta Kiponda ameegemea ukuta kando ya Thuku kama watu wanaongojea basi moja.

"Askari wa bara," Kiponda alikuwa akimwambia, "ufunguo huna, risasi hutapiga. Hapo unalinda nini? Harufu?"

"Nalinda mlango."

"Mlango haujashtakiwa bwana! Wewe kaa kando uangalie, ukirudi kwenu uwe na la kusimulia."

Jedida akampita, akaenda nyuma ya stoo penye matundu ya hewa, akaweka mdomo karibu na tofali.

"Hodi, tsawe. Shikamoo."

"Marahaba. Nani wewe unayeniita babu, nami wajukuu zangu ndio hao wameleta petroli?"

"Jedida Mangi, wa polisi. Kwetu Ganze."

"Basi kama wa Ganze unajua kitakachofuata. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kuuliza. Ulisema mlingoti utashushwa na Mungu?"

"Nimesema! Na nikitoka nitasema tena. Upepo ukiupiga unavuma usiku kucha, silali. Nilimwendea Farjallah mwenyewe nikamwambia. Akanijibu Mungu ana kazi nyingi, kaa unywe kahawa. Nikakaa nikanywa. Hao wako wa nje wamesikia la Mungu, la kahawa hawakulisikia."

"Jana mvua ikinyesha ulikuwa wapi?"

"Kwangu, nakinga maji ya bati. Peke yangu. Unataka shahidi? Kaliulize pipa."

"Nani anafaidi ukichomwa, tsawe?"

Ndani ya stoo kitu kikaburutwa, pengine mzee alikuwa akisogea karibu na tundu.

"Shamba langu na la ndugu yangu yanagawanywa na ua wa minyaa. Ndugu yangu amekufa, na mwanawe amepata mnunuzi, anataka auze mpaka kwangu. Anasema ule ua umepandwa juzi juzi. Tuko kortini. Aliyebaki hai aliyeuona ukipandwa ni mtu mmoja, na alikuwa aende Malindi aseme."

"Farjallah."

"Unaniuliza unachokijua," mzee akasema. "Na kama una cha kufanya, fanya. Nasikia harufu ya petroli mpaka huku."

Alibaki mtu mmoja hajaulizwa. Everlyne, aliyekuwa akimpikia Farjallah, ndiye aliyemkuta wa kwanza. Alikuwa jikoni anachambua mchele ambao hakuna atakayeula, hakuinua kichwa.

"Mimi sisemi kitu," akasema kabla hajaulizwa. "Nyinyi mkimaliza mnapanda gari lenu. Mimi ninabaki na hawa."

"Niambie kikoi tu. Kikoi si mtu."

Mikono ya Everlyne ikasimama. "Kikoi gani?"

"Cha buluu. Ni wewe uliyemfunika nacho?"

"Ni mimi. Mvua ilikatika nikaja kupika chajio, nikamwona vile. Nikachukua kikoi nikamsitiri, ndipo nikatoka nikapiga yowe."

"Ulikitoa wapi?"

"Kwenye kioo."

Jedida akavuta kigoda akakaa. "Kwenye kioo kinafanya nini?"

"Si kimefunikwa! Mvua inanyesha na radi, kioo hufunikwa, kwenu hamfuniki?" Akasita, ungo mikononi. "Ila hata mimi nilishangaa. Mzee hakuwa akifunika. Mimi nikifunika alikuwa akinicheka, ananivulia, anasema Everlyne, radi haina haja ya kujitazama."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani habari za kioo na mtu amekufa?"

"Vizuri. Sasa ukae mlangoni hapo, na usifunue mdomo mpaka nikuite."

Alipotoka uwanjani, kundi lilikuwa limefika hatua chache tu kutoka kwa Thuku, na jerikeni lilikuwa limepata mwenye kulibeba. Jedida akapanda juu ya ngazi ya stoo.

"Nimemaliza kuangalia!" akasema kwa sauti. "Nina swali moja, halafu kufuli hili navunja."

"Vunja, ulize baadaye!" mtu akapiga kelele. Wengine wakacheka, lakini wakatulia.

"Jana nani aliyeingia chumba cha redio?"

Jitu moja lililojaa unga mpaka kwenye nyusi likainua mkono. Pola, mwenye mashine ya kusaga. "Mimi niliingia. Yowe lilipopigwa nilikuwa wa mbele."

"Humo kuna kabati lenye kioo kirefu. Uliona kioo?"

"Nilikiona. Nilijiona mwenyewe mzima mzima nikashtuka, nikadhani kuna mtu mwingine."

"Kilikuwa wazi?"

"Wazi kabisa, mama."

Jedida akawageukia wote. "Mmesikia. Sasa hapa hakuna mgeni isipokuwa huyu Thuku. Mvua ikipiga na radi, kioo hufanywaje?"

"Hufunikwa!" wanawake wakajibu kwa pamoja.

"Mamangu alifunika, mama zenu walifunika. Mzee Farjallah, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa mitambo, haya mambo alikuwa akiyacheka. Kioo kirefu kama mlango, kiko wazi, radi imekiona imeingia. Basi. Hakuna aliyeituma. Ni ubishi wa mzee mwenyewe. Thuku, leta nyundo, mzee Thoya aende zake nyumbani."

Manung'uniko yakapita. Wanawake wawili watatu wakatazamana wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na maana. Mmoja akateremsha panga. Aliyebeba jerikeni akaliweka chini, akalisogeza kwa mguu kidogo mbali naye.

"Uongo!" Kiponda akapasua katikati yao. "Msidanganywe! Kioo kilifunikwa!"

"Pola amekiona wazi."

"Pola amechelewa, Pola ameona nini? Kilifunikwa nakwambia! Radi haikuwa na pa kupita pale, hii imetumwa!"

"Kilifunikwa na nini?"

"Na kikoi chake mwenyewe! Kile cha buluu!"

Jedida akamwangalia Pola, na uwanja mzima ukamwangalia Pola, ambaye alikuwa amekunja uso wenye unga akijaribu kupanga jambo kichwani.

"Pola," Jedida akasema, "wewe ulipoingia, kikoi cha buluu kilikuwa wapi?"

"Juu ya maiti. Amefunikwa nacho."

"Na Kiponda aliingia lini?"

"Tuliingia naye." Pola akageuka polepole. "Tulipanda kilima pamoja. Mimi mbele, wewe nyuma yangu. Kiponda, wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Everlyne!" Jedida akaita.

Akatoka jikoni na ungo bado mkononi. "Mimi ndiye niliyekitoa kiooni nikamfunika mzee. Hapo sijapiga yowe bado. Humo ndani tulikuwa mimi na maiti, hakuna mwingine."

"Si wewe uliyeniambia!" Kiponda akamrukia kwa maneno. "Jana, hapo nje, wewe ndiye—"

"Mimi? Nikusemeshe wewe? Tangu ulipomtukana mamangu kisimani nimekupa lini hata salamu? Waulize hawa!"

Mtu akacheka, akajikatiza.

"Ulikuja kumwambia asiende kortini kusema habari za ule ua wa minyaa," Jedida akasema, na sasa hakuhitaji kupaza sauti. "Akakataa, ukampiga kichwani. Mvua ikakuzuia kutoka. Radi ikashuka kwenye mlingoti na wewe umo ndani na maiti, ukaogopa kama sote tungeogopa, ukafunika kioo. Hofu ilipokutoka ndipo ukapata akili ya kuisingizia radi. Waya ukauvuta ukaufunga, mkono ukauchoma, sikio ukalichoma, hedifoni ukamvika. Ulikumbuka kila kitu. Kioo hukukikumbuka, kwa sababu hukukifunika ili kutudanganya. Ulikifunika kwa sababu ndivyo ulivyolelewa."

Kiponda akakimbilia pikipiki yake. Hakuifikia. Ayman, ambaye hakuna aliyemwona akitoka nyumbani, alimtia mguu, na walipoanguka chini ikabidi Thuku amtoe Ayman juu yake kwanza ndipo apate mahali pa kutia pingu.

"Mchomeni huyo!"

Alikuwa mwanamke yule yule aliyekuwa akimwita mtsai. Sauti yenyewe haikubadilika hata kidogo. Matairi yakainuliwa tena, na watu wale wale wakaja kwa hamu ile ile, ila sasa walielekea upande mwingine. Jedida akaruka ngazi, akalipiga teke jerikeni, likaanguka ubavu, na petroli ikamwagika kwenye mchanga na kwenye viatu vyake.

"Haya!" akasema. "Nimesimama juu yake. Aliye na kiberiti aje anitazame usoni awashe. Dakika tatu zilizopita mlikuwa na hakika na Thoya. Mlikuwa na hakika mpaka matairi mmeleta!"

Hakuna aliyekuja. Wa nyuma wakaanza kukumbuka kazi zao, mbuzi, watoto, sufuria. Pola alimshika mwanamke yule mkono akamgeuza.

Gari la pili likafika wakati huo, lilipokuwa halina kazi tena ila ya kubeba maiti. Ayman alisimama kando ya machela. "Nitamfuata mpaka kwa daktari," akamwambia Jedida bila kumtazama. "Halafu mnanipa, na hata dua yenu siitaki."

Thuku akavunja kufuli kwa mapigo manne. Mzee Thoya alitoka akiwa amefumba macho kwa sababu ya jua, na hakuna kijana aliyethubutu kumshika mkono. Waliobaki wakampisha njia. "Pole mzee," mmoja akasema. "Pole sana, baba," mwingine. Mzee alimtazama kila mmoja kwa zamu, na kila aliyetazamwa akapata kitu cha kuangalia chini.

"Uko huru, tsawe," Jedida akasema. "Nenda kwako upumzike."

"Kwangu wapi?" Thoya akauliza. "Hawa ndio majirani zangu. Nipeleke Malindi. Nitalala kwenye benchi lenu mpaka siku ya kesi."

"Gari la pili limebeba maiti, na letu mbele ni viti viwili. Imebaki nyuma tu, na nyuma yumo yeye."

Mzee akaenda mpaka nyuma ya gari, akashika chuma, akajivuta juu mwenyewe. Ndani Kiponda alikuwa katikati ya benchi, mikono imefungwa, kichwa magotini. Thoya akasimama mbele yake ameinama kwa sababu ya turubai, akangoja. Kiponda hakuinua kichwa.

"Sogea," mzee akasema.

Kiponda akasogea.